Kwa nini Radio-Canada inapotea njiani Côte-Nord, na namna ya kuipata

Swali la msomaji: "Nimehamia Sept-Îles, Quebec, nikitokea Bujumbura. Kazi yangu ni kupeleka vifaa vya zahanati hadi Havre-Saint-Pierre, na mara nyingine Natashquan. Nasikiliza ICI Première ya hapa, idhaa ya redio ya Radio-Canada, shirika la umma la Kifaransa, kwenye 98.1, kwa sababu ndiyo inayotangaza hali ya barabara na dhoruba. Nikishatoka mjini inafifia, halafu inapotea. Mbele naikuta kwenye namba nyingine, au siikuti kabisa. Kwa nini wasisimamishe mnara mmoja mkubwa tukamaliza? Na wakati wa baridi, simu ikikosa mtandao, nitaipataje?"

Ndugu msomaji, tuanze na mnara mkubwa, kwa sababu jibu lake ndilo linaloeleza mengine yote.

Mawimbi ya FM husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Kuna hesabu fupi wanayoitumia mafundi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya kurushia kwa mita, ujumlishe na kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya kupokelea, kisha zidisha kwa 4.12. Unapata kilomita. Antena ya kurushia ikiwa mita 100 juu ya ardhi inayoizunguka, na ya gari lako ikiwa mita 1.5, jibu ni kama kilomita 46. Ikiwa mita 30, ni kama kilomita 28. Sasa igeuze: kutoka Sept-Îles hadi Havre-Saint-Pierre ni kama kilomita 220 kwa barabara, na kama 200 kwa mstari ulionyooka. Ili gari lililoko huko lione antena ya Sept-Îles, antena hiyo ingelazimika kuwa zaidi ya mita 2,000 juu. Hakuna mnara wa namna hiyo duniani, na hakuna mlima wa namna hiyo kwenye pwani ile. Mawimbi hupinda kidogo na kupenya kidogo zaidi ya hapo, ndiyo maana 98.1 haikatiki ghafla bali inafifia, lakini kuongeza nguvu ya mtambo hakusaidii sana ukishavuka upeo wa macho. Hata pale ambapo hakuna kizuizi, ukitaka umbali mara mbili unahitaji nguvu mara nne.

Na Côte-Nord, mkoa wenu wa Quebec, si Sept-Îles na Havre-Saint-Pierre tu. Pwani yake kutoka Tadoussac hadi Blanc-Sablon inazidi kilomita 1,200, eneo lake halipungui sana lile la Uganda, na watu wake wote ni kama 90,000. Barabara ya 138 ilifika Natashquan mwaka 1996 na Kegaska mwaka 2013, ikaishia hapo. Kutoka Kegaska kwenda mashariki, vijiji vinategemea ndege, meli ya Bella Desgagnés inayotoka Rimouski kila wiki, na barabara ya theluji wakati wa baridi. Schefferville inafikiwa kwa treni au ndege. Fermont ipo bara, zaidi ya kilomita 500 kaskazini mwa Baie-Comeau kwa barabara ya 389.

Mahali kama hapo redio ya umma hujengwa kwa mitambo mingi midogo. Studio iko Sept-Îles. Kituo mama kinaitwa CBSI-FM, na 98.1 ni mtambo wake wa pale mjini. Vijijini kuna mitambo ya kupokeza, ambayo kisheria huandikwa jina la mama na namba: CBSI-FM-1, na kuendelea. Haina mtangazaji wala fundi anayelala pale. Ni kibanda, mnara, dishi la satelaiti na mtambo wa kurushia.

Mpango uliojaza mitambo ya namna hii Canada nzima ulipitishwa mwaka 1974. Lengo lake lilikuwa kufikisha redio na televisheni ya umma, kwa Kiingereza au Kifaransa kulingana na lugha ya wakazi, katika kila jumuiya yenye watu 500 au zaidi. Satelaiti ya kwanza ya mawasiliano ya ndani ya Canada, Anik A1, ilikuwa imerushwa mwaka 1972, na ndiyo iliyofungua njia ya kufika mahali ambapo kuvuta waya kungegharimu mno. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1991 inadai huduma hiyo ipatikane nchi nzima kwa Kiingereza na Kifaransa, ila inaongeza maneno yanayobeba uzito mkubwa: kadiri fedha zitakavyopatikana. Tarehe 31 Julai 2012 mitambo ya kupokeza televisheni ya analojia ya CBC (upande wa Kiingereza wa shirika hilohilo) na Radio-Canada ilizimwa nchini kote. Ya redio ilibaki. Kwa vijiji vya pwani hii huo ulikuwa uamuzi wa maana sana, kwa sababu redio inaendelea kusikika kwa betri mbili ndogo wakati kila kitu kingine kimezimika.

Kuhusu kubadilika kwa namba: kipokezi cha FM kikikutana na vituo viwili kwenye masafa yaleyale, hushika chenye nguvu na kukizima kingine. Pale nguvu zinapokaribiana, huruka huku na huku, na sauti inakwaruza hata kama vyote viwili vinatangaza kipindi kilekile, maana haviendi sambamba kabisa. Kuvisawazisha kunawezekana, lakini kunataka usahihi wa sehemu za milioni za sekunde na vifaa vya bei. Kwa hiyo mitambo jirani hupewa namba tofauti, na wewe dereva ndiye unayebadilisha. Redio za magari ya Ulaya zina kitufe cha AF kinachohama chenyewe. Amerika Kaskazini usikitegemee.

Fanya hivi badala yake. Katika safari moja ya mchana yenye hewa nzuri, simama katika kila kijiji kikubwa: Rivière-au-Tonnerre, Longue-Pointe-de-Mingan, Havre-Saint-Pierre, Baie-Johan-Beetz, Aguanish, Natashquan. Ruhusu redio itafute yenyewe, FM kwanza, kisha AM. Ukiipata, ihifadhi kwenye vitufe kwa mpangilio wa barabara, kitufe cha 1 kikiwa 98.1, cha 2 kijiji kinachofuata, hadi mwisho. Kwa njia hiyo usiku, theluji ikipiga kioo, unabonyeza kitufe kinachofuata bila kutazama. Andika pia orodha kwenye karatasi, uiache garini. Masafa rasmi utayapata kwenye ukurasa wa masafa wa Radio-Canada; yakague kila mwaka, kwa sababu mitambo ya AM inahamishwa kidogokidogo kwenda FM.

Hakikisha pia kwamba unachosikia ni cha Côte-Nord. Ng'ambo ya mto Saint-Laurent iko Gaspésie, nayo ina kituo chake cha Radio-Canada pale Matane. Mawimbi huvuka maji vizuri kuliko yanavyovuka vilima. Karibu na Baie-Comeau unaweza kuisikia Matane siku yoyote, na majira ya joto, hewa ya moto ikilala juu ya bahari baridi, ya ng'ambo hufika mbali zaidi. Sauti ni safi, mtandao ni uleule, vipindi vya Montreal ni vilevile, lakini taarifa ya barabara ni ya upande wa pili wa mto. Njia rahisi ya kujua: asubuhi za siku za kazi kipindi cha Côte-Nord kinaitwa "Bonjour la Côte", na taarifa ya hali ya hewa hutaja Minganie, Basse-Côte-Nord na Fermont. Ukisikia Percé na Gaspé zinatajwa kama mitaa ya nyumbani, badilisha namba.

Sasa mitambo yenyewe, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ukijua kinachoharibika utajua pia cha kufanya.

Kipindi kinatoka studio, kinapanda satelaiti, kinashuka kwenye dishi la kijiji. Satelaiti hizo ziko juu ya ikweta, kama kilomita 35,786 kutoka ardhini. Aliyezoea kuona madishi ya Bujumbura yakitazama karibu na utosi atashangaa huku. Kwa satelaiti iliyo nyuzi 107 magharibi, kwa mfano, dishi la Sept-Îles huinuliwa kama nyuzi 21 tu kutoka mlalo, na la Blanc-Sablon kama 15. Dishi lililosimama hivyo halijazi theluji kavu haraka, lakini theluji ya majimaji hulipaka usoni ikaganda, na mti uliokua mita mbili zaidi mbele yake unatosha kulifunika.

Kutoka kwenye dishi ishara huingia kwenye kipokezi, kisha kwenye kifaa kinachotengeneza wimbi la FM, kisha amplifaya, kisha kebo nene inayopanda mnara hadi antena. Mitambo midogo ya AM ya mtandao huu kwa kawaida ilikuwa ya wati 40, sawa na balbu ya kizamani ya sebuleni. FM ya nguvu ndogo Canada haizidi wati 50. Hizi ni nguvu za kuhudumia kijiji na kilomita kadhaa za barabara, si zaidi. Ndiyo maana kati ya kijiji na kijiji kuna vipande ambavyo hutapata kitu hata kila mtambo ukifanya kazi sawasawa. Usipoteze muda kuitafuta pale. Zima, endesha, washa ukikaribia kijiji.

Ukisikia tatizo, sikiliza kwanza ni la aina gani. Hili ndilo jambo ambalo wasikilizaji wengi hawaambiwi, na lingewasaidia mafundi sana.

Kama kuna mvumo ule wa kawaida wa redio isiyo na kituo, mtambo umezimika. Mara nyingi ni umeme. Betri za akiba hazidumu milele, na hesabu yake iko wazi: betri ya volti 12 ya Ah 100 ina Wh 1,200, ya risasi haifai kutumika zaidi ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600, kibanda kikila wati 150 kwa jumla, ni saa nne. Na hizo ni saa nne za joto. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri ya risasi hubakiwa na kama nusu ya uwezo wake. Kwa hiyo mtambo unaweza kuendelea vizuri umeme ukishakatika, kisha ukafa saa chache baadaye, katikati ya dhoruba, wakati watu wanauhitaji zaidi.

Kama mvumo umetoweka lakini hakuna sauti, yaani ukimya safi, mtambo uko hai na unarusha wimbi tupu. Umeme upo, antena ipo, ila kipindi hakifiki. Tatizo liko upande wa dishi: limefunikwa, limesukumwa na upepo, au kipokezi kimekwama na kinahitaji kuzimwa na kuwashwa.

Kama sauti inakatika vipandevipande, silabi inaliwa, neno linarudi, basi ishara ya satelaiti inafika ila ni dhaifu. Theluji ya majimaji hufanya hivyo. Ikitokea alasiri, kwa dakika chache tu, siku kadhaa mfululizo, mwanzoni mwa Machi au kabla ya katikati ya Oktoba, hakuna kilichoharibika. Jua linapita nyuma ya satelaiti kama linavyoonekana kutoka kwenye dishi, na kelele zake zinafunika ishara. Litapita lenyewe.

Kama sauti ni sawa kijijini lakini masafa yamefupika, ulipozoea kuipata hadi kilomita 20 sasa inaishia 8, fikiria barafu. Antena ya FM hukatwa kwa vipimo vya mawimbi yake. Ikivikwa barafu, vipimo vinabadilika, sehemu ya nguvu inarudi chini kwenye kebo badala ya kwenda hewani. Mtambo ukiona nguvu inayorudi imezidi, hujipunguza ili usiungue. Hapo tatizo huisha barafu ikidondoka, isipokuwa pale barafu yenyewe inapoangukia kebo na kuikata. Kuna vifuniko vya plastiki na vipasha joto vya antena, lakini vipasha joto hula umeme mwingi, na minara midogo mingi haina.

Kwa AM kuna kisa kingine. Mchana mtambo wa wati 40 unasikika vizuri, na bahari ya chumvi inausaidia kusafiri pwani. Jua likizama, vituo vya wati 50,000 vya mbali, hata vya Marekani, hurudi kutoka angani na kuufunika. Ukimsikia Mmarekani anatangaza mpira pale ulipozoea kusikia Kifaransa, mtambo hauna kosa. Sogea karibu na kijiji, au subiri asubuhi.

Unapopiga simu au kuandikia huduma kwa wasikilizaji ya Radio-Canada, taja mambo manne: masafa, mahali ulipokuwa, saa kamili, na ni ipi kati ya hali hizo uliyoisikia. "Redio haishiki" haimsaidii fundi. "Masafa haya, Aguanish, saa 1:20 asubuhi, ukimya safi bila mvumo" inamwambia asibebe antena bali kipokezi, na kumfikisha fundi kule kunaweza kumaanisha siku nzima ya barabara, au ndege.

Sasa upande wako. Programu ya OHdio, ya kusikilizia Radio-Canada kwenye simu, ni nzuri ukiwa mjini. Ila baina ya vijiji vya 138 kuna vipande virefu visivyo na mtandao wa simu, na umeme ukikatika eneo zima, minara ya simu nayo inategemea betri zilezile. Pia intaneti huchelewa: unachosikia kwenye simu kinaweza kuwa nyuma ya redio kwa nusu dakika au zaidi. Ucheleweshaji wa namna hii ndio uliofanya ile alama ya saa ya mchana, iliyokuwa hewani Canada tangu 1939, iachishwe tarehe 9 Oktoba 2023. Haikuweza tena kufika kwa kila msikilizaji kwa wakati mmoja.

Nunua redio ndogo ya betri yenye FM na AM. Ikiwa ulikuja na ya nyumbani, angalia jambo moja kwanza. Afrika vituo vya AM hupangwa kila kilohezi 9, Amerika kila 10. Redio ya kidijitali iliyowekwa 9 itaruka juu ya vituo vya huku bila kutua. Nyingine zina swichi ndogo ya 9/10 nyuma au ndani ya nyumba ya betri; isogeze 10. FM ya huku huishia namba witiri: 98.1, 98.3, 98.5. Redio ya kutoka Burundi itazipata, ingawa sauti itakuwa kali kidogo masikioni.

Ukilala kijijini na FM ni dhaifu, usinunue antena. Chukua waya, kata vipande viwili vya sentimita 73 kwa 98.1 (kwa masafa mengine gawa 7,150 kwa namba ya masafa, upate sentimita za kila kipande). Viunganishe kimoja kwenye kiini cha kebo ya televisheni ya ohm 75 na kingine kwenye wavu wake, vinyooshe kila kimoja upande wake kama mkono, vikatize njia ya kwenda mnarani, na uvibandike ukutani juu. Jaribu kuvisimamisha wima pia, kisha bakiza mkao unaosikika vizuri zaidi. Madirisha mapya ya kuzuia baridi yana utando wa metali unaokata mawimbi, kwa hiyo waya ukiwa nje ya kioo ni bora kuliko ndani. Kwa AM, antena ni ile fimbo nyeusi iliyo ndani ya redio yenyewe: geuza redio nzima polepole hadi sauti iwe juu, na zima chaja za simu na balbu za LED zilizo karibu, maana ndizo zinazotoa ile kelele ya nyuki.

Jambo la saa nalo lisikupoteze. Ukipelekwa siku moja hadi Basse-Côte-Nord, upande wa Blanc-Sablon, kule saa haibadilishwi mwaka mzima. Majira ya joto mko sawa na Sept-Îles, lakini wakati wa baridi wenzako wako saa moja mbele. Taarifa inayosomwa Sept-Îles saa sita mchana kule inasikika saa saba. Na kule watu wengi ni wa Kiingereza, na wapo Wainnu, wenyeji wa asili wa eneo hili, wa Unamen Shipu na Pakua Shipi. Wainnu wana redio zao za jamii kwa lugha yao, zikiunganishwa na shirika la SOCAM tangu miaka ya 1980. Dharura ya kijiji chao mara nyingi husikika huko kwanza, hivyo zihifadhi nazo kwenye vitufe.

Juni 2023 moto wa misitu ulipoikaribia Sept-Îles, maelfu ya watu wa mji na wa Mani-Utenam waliamriwa kuondoka. Moto ukiwa karibu na barabara, unachohitaji kujua ni kipande gani cha 138 kimefungwa sasa hivi, na taarifa hiyo ni lazima itoke kwa watu walioko eneo lenyewe. Tahadhari za kitaifa zinazokatiza vipindi, ambazo vituo vya redio vimelazimika kuzirusha tangu 2015, hukwambia kuna hatari. Mtangazaji wa Sept-Îles ndiye anayekwambia upite wapi. Weka redio hiyo garini pamoja na betri nne mpya za ziada, betri hizo zikiwa kwenye mfuko wa ndani wa koti ukiwa safarini, kwa sababu betri za kawaida za alkalaini hulegea vibaya zikiachwa usiku kucha ndani ya gari kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Za lithiamu zinastahimili baridi hiyo, na tofauti ya bei inalipa.